Mwalimu Kwenye Spika: Botswana Ilivyofundisha Hesabu kwa Simu

Machi 2020, siku chache kabla shule za Botswana hazijafungwa kwa sababu ya korona, shirika la Young 1ove lilikimbilia kazi moja: kukusanya namba za simu za wazazi. Familia kama 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano ziliingia kwenye jaribio, zikapangwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu.

Kundi la kwanza halikupewa kitu. La pili lilitumiwa kila wiki meseji yenye maswali ya hesabu. La tatu lilipata meseji hizohizo, na juu yake simu ya mwalimu, dakika kama 20 hivi. Intaneti haikuhitajika: mzazi anapokea, anamwita mtoto, anaweka spika, mtoto anakokotoa huku mwalimu akisikiliza.

Waliopigiwa simu walipanda katika hesabu. Waliopata meseji pekee hawakuwa na tofauti ya maana na wale wasiopata chochote.

Kwa nini? Chukua 52 kutoa 27. Watoto wengi huandika 35, kwa kuwa upande wa mamoja huona 2 ni ndogo, huigeuza hesabu na kutoa 2 kwenye 7 badala ya kukopa kwenye makumi. Meseji hailioni kosa hilo. Mwalimu akiuliza "umepataje?" analisikia papo hapo, na somo linaanzia hapo. Hata kwenye upimaji, jibu sahihi halikupewa alama mpaka mtoto aeleze alivyolipata. Hivyo kunong'onezewa na kaka au dada hakukumfaa kitu.

Watafiti Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walichapisha matokeo hayo mwaka 2022. Mbinu ikajaribiwa tena India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda, kwa wanafunzi zaidi ya 16,000, na simu zikaleta mafanikio makubwa kuliko ya Botswana. Walimu wa serikali nao waliiweza kazi hiyo. Upungufu upo, na si mdogo: nyumba isiyo na simu ilibaki nje.

Dar es Salaam na Nairobi, tuisheni nyingi bado ni chumba kilichojaa watoto wanaonakili ubaoni. Mzazi unayelipia, muulize mwalimu mtoto wako amekwama wapi hasa. Asipojua, unalipia darasa jingine tu, si mwalimu wa mtoto wako.