"Dawa Mbadala" au "Dawa za Kumeza"?

Hivi karibuni nilipitia tafsiri ya kijitabu kinachowaeleza wagonjwa wa kisukari aina ya pili dawa zinazoweza kutumiwa mahali pa sindano. Sarufi yake haina ila. Kasoro imo katika istilahi mbili, na istilahi ya dawa ikikosewa, anayeumia ni mgonjwa.

Ya kwanza ni "dawa mbadala". Mfasiri alikusudia vidonge vya hospitali. Lakini katika matumizi ya kawaida, tiba mbadala ni ile iliyo nje ya hospitali: mizizi, majani na unga wa mitishamba. Msomaji aambiwaye kuwa dawa mbadala yaweza kushika mahali pa sindano, aweza kuacha insulini na kwenda kwa muuza mitishamba, huku akiamini kwamba amekitii kijitabu. Neno "mbadala" ni sanifu, wala hatulikatai. Ila likifuatana na "dawa" limekwisha kuchukuliwa na dhana nyingine.

Ya pili ni "vidonge vya insulini". Insulini ni protini. Ikimezwa husagwa tumboni kama chakula, ndiyo sababu hudungwa. Metformini hupunguza sukari itolewayo na ini. Glibenklamidi hulichochea kongosho litoe insulini yake lenyewe. Hakuna kati ya hizo iliyo insulini. Mgonjwa wa aina ya kwanza, ambaye kongosho lake limekoma kuitoa, akidanganyika na jina hilo atayahatarisha maisha yake.

Wala si kila sindano ya kisukari ni insulini. Semaglutidi, ambayo si insulini, hudungwa mara moja kwa juma. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha pia kidonge chake, kinachomezwa kwa maji kidogo, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula. Kwa hiyo "sindano" na "kidonge" hutaja njia ya kuingiza dawa mwilini; "insulini" hutaja dawa yenyewe. Mfasiri hana budi kuzitenga dhana hizi.

Napendekeza "dawa za kumeza za kisukari" kwa kundi zima, kila dawa itajwe kwa jina lake, na "sindano ya insulini" iandikwe kwa ukamilifu. Istilahi hizi ni ndefu kidogo, lakini hazimpotezi mgonjwa.