Shamba Halioti Chumvi: Kusoma Tena "Elimu ya Kujitegemea" Tukiwa Bujumbura

Kijitabu cha Julius Nyerere kiitwacho Elimu ya Kujitegemea kilitolewa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha. Ni kifupi, mtu anaweza kukimaliza kwa mchana mmoja. Mimi nilikimaliza ndani ya gari la mjomba wangu, kwenye foleni ya mafuta ambayo tangu alfajiri ilikuwa haijasogea. Mjomba alikwenda kazini kwa miguu, akaniachia nafasi yake niilinde. Kitabu nilipewa kama kazi ya darasa, lakini mahali nilipokisomea palinifanya nikiulize maswali ambayo pengine darasani nisingeyauliza.

Miaka hii sisi wanafunzi wa Bujumbura tunazungumza juu ya kujitegemea kuliko tunavyozungumza juu ya ajira. Sababu zinajulikana. Mafuta hukosekana kwa wiki nyingi na fedha za kigeni ni adimu. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga: dola moja, iliyokuwa faranga 2,000 na kidogo katika bei rasmi, ikapanda hadi karibu 2,800, na nje ya benki bei ilikuwa juu zaidi ya hapo. Basi jioni tukikaa, mmoja husema: uchumi ukianguka kabisa, mimi niko tayari. Ana magunia mawili ya mchele, paneli ndogo ya sola, kuku watano, na babu yake ana shamba Gihanga. Mwingine humuunga mkono kwa methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wa tatu humtaja Nyerere kama shahidi.

Hoja yangu ni kwamba Nyerere si shahidi wao. Kijitabu chake kina udhaifu, na nitauonyesha, lakini hakikuandikwa kwa ajili ya mtu anayejifungia na magunia yake. Tatizo lilianzia katika neno lenyewe.

Tulitazame neno hilo kisarufi. Kiambishi -ji- hurudisha tendo kwa mtendaji, lakini hakisemi mtendaji ni nani wala ni wangapi. Najitegemea, tunajitegemea, wanajitegemea: -ji- haibadiliki. Na tukilitumia neno kama jina, yaani "kujitegemea", mtendaji hupotea kabisa. Kila msomaji hujaza nafasi hiyo kwa anavyotaka. Rafiki zangu hujaza "mimi". Nyerere alijaza "sisi". Viongozi wengi waliokuja baadaye, kwao na kwetu, wamejaza "ninyi". Nadhani historia yote ya wazo hili inaweza kusomwa kwa kufuata mabadiliko hayo ya nafsi.

Tuanze na "sisi" ya Nyerere. Kijitabu kinailaumu elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni kwa mambo manne: inawafaa wachache tu, inamtenga mwanafunzi na jamii yake, inamfanya aamini kwamba maarifa yote yanatoka vitabuni au kwa waliosoma, na inawatoa vijana wenye nguvu katika kazi ya uzalishaji. Lawama hizi hazikutoka hewani. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, kisha akapunguza mishahara ya vigogo wa serikali, wake mwenyewe ukiwa ndani, kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye kijitabu kikatoka. Ni jibu la mtu aliyeudhika, na msomaji anaisikia hasira hiyo chini ya lugha yake tulivu.

Dawa anayoitoa ni kwamba kila shule iwe na shamba au karakana yake. Hapa ndipo wengi huacha kusoma kwa makini, nami nilikuwa mmoja wao. Katika shule yangu ya msingi kulikuwa na bustani, na waliopelekwa huko kulima walikuwa wachelewaji na wapiga kelele. Mboga walikula wengine. Kwa hiyo nilipoona neno "shamba" nikadhani najua linalofuata. Lakini Nyerere hasemi hivyo. Anataka wanafunzi wapange pamoja na walimu wao nini kilimwe, waweke hesabu, na mapato yakipatikana waamue wenyewe yatumike kununua nini. Wakikosea, hasara waione wao. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu bora ya kijitabu chote. Jembe lina nafasi yake hapo, lakini somo lenyewe ni jinsi ya kuamua pamoja na kuvumilia matokeo pamoja. Bustani ya shule yangu ilikuwa na jembe bila uamuzi, ndiyo maana haikutufundisha lolote isipokuwa kuchukia kulima.

Udhaifu sasa. Wa kwanza ni ardhi. Azimio la Arusha lilitaja vitu vinne vinavyohitajika ili nchi iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kwa Tanzania ya 1967 ardhi ilikuwapo tele, na Elimu ya Kujitegemea imejengwa juu ya dhana hiyo bila kuitamka. Burundi ina zaidi ya watu milioni 12 katika kilomita za mraba 27,834, na walio wengi tayari wanaishi kwa kulima. Mtu anayesema "tutarudi shambani" anasahau kwamba huko shambani kuna ndugu zake, wamegawana vipande hadi havigawanyiki tena, na kesi za mipaka zimejaa mahakamani. Shamba la babu Gihanga ni la wajukuu wangapi? Rafiki yangu hajawahi kunijibu swali hilo.

Udhaifu wa pili ni chumvi. Naitumia chumvi kama mfano wa kila kitu kisichoota: mafuta, dawa, sindano, betri ya ile paneli ya sola. Nyerere aliandika zaidi ya mara moja kwamba jamii za Kiafrika za zamani ziliweza kujitosheleza kwa kugawana. Ziligawana, ndiyo, lakini pia zilibadilishana na watu wa mbali. Chumvi ya Uvinza, kusini mashariki mwa Kigoma, ilisafirishwa na kuuzwa pande zote za Ziwa Tanganyika, hata huku kwetu, karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Bibi wa bibi yangu, katika rugo lake mlimani, alikuwa na ng'ombe, mtama na maharage, lakini chumvi ilimfikia kwa mikono ya watu asiowajua. Azimio halikukataza biashara. Lilikataa fedha zifanywe msingi wa maendeleo. Hata hivyo, kijitabu kinamwandaa mwanafunzi kulima na hakimwandai kwa siku ambayo chumvi haitafika.

Siku hiyo ilifika Tanzania kwenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta ya petroli kupanda duniani, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Sabuni, sukari na nguo zikawa vya kupangia foleni. Machi 1983 serikali ilianzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wakati huo "sisi" ya 1967 ilikuwa imekwisha kugeuka "ninyi". Ilianza kugeuka mapema, katika operesheni ya vijiji, pale wakulima walipohamishwa kwa nguvu ili wakajitegemee mahali walipochaguliwa na wengine. Euphrase Kezilahabi aliliona hilo akaliandikia riwaya, Gamba la Nyoka, iliyotoka 1979. Ukiisoma pamoja na kijitabu cha Nyerere, unaona kilichoachwa njiani: mpango wa shamba ulibaki, lakini haki ya kuamua iliondolewa. "Jitegemee" ikiwa amri, hubaki neno tu.

Kwetu wazo hili lina kisa kingine, na wanafunzi wa nchi jirani huenda hawakijui. Julai 1996 Pierre Buyoya alipindua serikali ya Burundi. Siku chache baadaye viongozi wa kanda walikutana Arusha, mji uleule wa Azimio, wakatuwekea vikwazo vya uchumi. Msuluhishi wa mgogoro wetu alikuwa Nyerere mwenyewe. Vikwazo vilidumu hadi vilipositishwa Januari 1999, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Nyerere akafariki. Kwa zaidi ya miaka miwili, basi, nchi nzima ilipewa mtihani wa kujitegemea, na miongoni mwa wasahihishaji alikuwamo mwandishi wa somo. Sisemi hili kumkejeli. Vita vilikuwa vinaua watu, na vikwazo vilikusudiwa kuwalazimisha wakubwa wakae mezani. Lakini mkosoaji wa kijitabu hiki aliyezaliwa Bujumbura hawezi kuliruka jambo hilo.

Mama alikuwa msichana wakati huo. Anasema bidhaa hazikuisha kabisa mjini. Zilipanda bei hadi zikawa kama za watu wengine. Waliokuwa na njia za magendo walitajirika. Familia nyingine ziliishi kwa mkopo wa muuza duka, aliyeandika madeni kwenye daftari na kusubiri. Aliyekuwa na shangazi ng'ambo ya mpaka alipata sukari. Nilipomuuliza ni akiba gani iliyowasaidia zaidi, alifikiri kidogo akajibu: "Watu waliotujua."

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba akiba bora ni majirani. Lakini insha ingekuwa ya uongo. Machi 1995, mwaka mmoja kabla ya vikwazo, mapigano yaliwakimbiza maelfu ya wakazi wa Bwiza na Buyenzi, mitaa ambayo watu wa kila kabila walikuwa wakiishi mlango kwa mlango. Wengi walivukia Zaire. Bibi yangu alikuwa na gunia la maharage chini ya kitanda, alilokuwa amelinunua kwa kuhofia siku mbaya. Siku mbaya ilipofika alibeba watoto, maharage yakabaki. Na miongoni mwa waliomfukuza kulikuwa na watu waliomjua.

Kisa hicho kinawajibu rafiki zangu na kinanijibu mimi pia. Magunia humsaidia mwenyewe pale tu majirani wanapomwacha ayale. Na ujirani si kitu kinachoota chenyewe kwa sababu watu wanakaa karibu. Nao huanguka, na ukianguka ni vibaya kuliko faranga. Kwa hiyo ninaposoma maneno ya Nyerere juu ya wanafunzi kuamua pamoja na kuweka hesabu pamoja, siyaoni tena kama mapambo ya kisiasa. Watu waliozoea kuhesabu fedha pamoja hadharani, wakagombana juu yake na kupatana, wana kitu cha kuwazuia siku ya hofu. Sidai kinatosha. Nadai kwamba ndicho pekee kati ya maandalizi yote tunayozungumza ambacho hakiwezi kununuliwa wakati wa dhiki.

Wala hatuhitaji kwenda Arusha kukitafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha vyama vya ushirika hapa Usumbura, na wafanyabiashara Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Leo akina mama wa mitaa ileile hukutana kila wiki katika vikundi vya kuweka na kukopeshana, na sanduku la fedha huwa mbele ya macho ya wote. Kama Elimu ya Kujitegemea ingeandikwa upya kwa ajili ya mji wetu, ningependa shule iwe na sanduku la aina hiyo kabla ya kuwa na shamba. Wanafunzi waliendeshe. Wajifunze pia kutengeneza pampu na redio, na kufanya biashara na Uvira na Kigoma kwa Kiswahili chetu hiki, kwa kuwa chumvi itaendelea kutoka kwa watu wa mbali.

Methali ya mtegemea cha nduguye naiheshimu, inamkanya mvivu. Lakini haimsemi mtu ambaye naye ana cha kumpa huyo ndugu. Rafiki yangu mwenye magunia mawili si mvivu hata kidogo. Anaogopa, nami naogopa. Ninalomkosoa ni kwamba amejiandaa kwa njaa na hajajiandaa kwa jirani mwenye njaa.

Ile foleni ilichukua siku mbili. Jioni ya kwanza mzee mmoja alitoa daftari, akaandika namba za magari yote kwa mpangilio, ili watu waweze kwenda kulala bila kupoteza nafasi. Hakuna aliyemtuma. Usiku gari moja lilijaribu kupenya mbele, madereva wakamwonyesha daftari. Alibishana sana, kisha akarudi nyuma. Asubuhi mjomba alipokuja, nilimwambia sisi ni wa 31, naye hakuniuliza nimejuaje. Alitazama tu daftari lile lililowekwa juu ya boneti, kalamu ikiwa imefungwa kwa kamba, akaingia garini kusubiri.