Akiba Haiozi

Fundi aliilaza karatasi ngumu juu ya mdomo wa pampu ya maji, akachukua nyundo ndogo na kuanza kugonga ukingoni, taratibu. Kila ilipopita nyundo, ukali wa chuma chenyewe uliikata karatasi. Punde akainua gasketi kamili, matundu ya bolti yote mahali pake. Hapo ni Lodwar, chini ya mti, na gari ni Land Rover Series III ya familia yetu. Kutoka hapa hadi maduka ya Kitale ni takriban kilomita 300.

Watu huniuliza spea za gari kuukuu kama hili nazipata wapi kwa bei ninayoimudu. Nawajibu kwamba unafuu uko kwenye jicho la fundi kabla haujawa dukani.

Turkana ina akiba ya vyuma. Tangu operesheni ya misaada ya Operation Lifeline Sudan ilipoanza 1989 na kuifanya Lokichoggio kituo chake, kisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa 1992, barabara yetu imepitisha magari ya misaada na malori yasiyohesabika. Yaliyochoka yaliishia vichakani na nyuma ya gereji. Mvua ikiwa haba, kutu nayo huchelewa. Bodi ya Land Rover, zaidi ya hayo, ni ya alumini, kwa sababu gari hilo lilipozaliwa 1948 feleji ilikuwa adimu Uingereza baada ya vita.

Ila chuma kisicho na mjuzi ni takataka tu. Beringi ya alteneta ilipokufa, fundi aliifuta kwa mafuta ya taa mpaka namba iliyochongwa ubavuni ikasomeka. Akaninong'oneza kama anayetoa siri ya ukoo: "Usiulize ya Land Rover. Uliza namba." Nikaenda nayo Kakuma, na kwa muuza vipuri vya vinu vya posho nikapata ndugu yake. Namba ni ile ile, ikaingia kama iliyozaliwa humo.

Fundi ana pia spana za inchi na za milimita, na hazichanganyi. Nusu inchi na milimita 13 hufanana machoni, lakini spana iliyolegea kidogo tu hula kona za nati, na nati ya Series III iliyolika ni msiba. Tena kuna mahali ambapo unafuu anaukataa katakata. Mpira wa breki haukati kwa kisu wala hauokoti kwenye gari lililokufa. Huo tunauagiza mpya, hata tukikaa wiki mbili tukiungoja.

Ndiyo maana nawaheshimu mafundi hawa. Wanajua cha kuokoa na cha kutupa, na ujuzi huo hauuzwi kwa kilo.

Siku ile ya pampu, fundi alikata gasketi mbili. Moja akaifunga. Ya pili akaitundika msumarini pamoja na nyingine nyingi, iwe kipimo cha gari litakalofika kesho.