Mkono Unaouliza Goti

Kitu cha kwanza alichoshika kilikuwa goti lisiloumwa. Nikamwambia, "Dokta, ni la kushoto." Akacheka. "Najua. Nataka kwanza nilijue la kulia. Na mimi si dokta, ni fizio."

Siku tano kabla, kwenye uwanja wa mchangani, niligeuka kufuata mpira. Sikuguswa na mtu. Mguu ulibaki chini, mwili ukaenda, kitu kikalia "ta!" ndani ya goti, na kabla ya magharibi lilikuwa limejaa kama papai. Uvimbe unaokuja upesi namna ile, ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu. Mtaani wakanishauri nikandwe kwa maji ya moto. Uoga wangu wa kukandwa ndio ulioniokoa.

Yule mama wa fizio alilikunja goti kidogo tu, nyuzi 20 au 30. Mkono mmoja ukalishika paja lisitikisike, wa pili ukauzunguka muundi, dole gumba likakaa chini ya pia ya goti. Akaniuliza nimekula nini asubuhi. Nilipokuwa bado natafuta jibu, akauvuta muundi kuja mbele. Sekunde moja, kwisha. Chai na chapati, nikasema, lakini hakuwa anasikiliza.

Jaribio hilo, la kupima ligamenti ya mbele ndani ya goti, huitwa la Lachman. Joseph Torg na wenzake walilichapisha mwaka 1976, wakalipa jina la John Lachman wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, ingawa Georges Noulis, Mgiriki aliyesomea Paris, alikwisha kueleza kitu cha aina hiyo katika tasnifu yake ya 1875. Kuna njia nyingine, ya kukunja goti nyuzi 90 na kulivuta kama mtoto wa meza. Shida yake ni kwamba goti lililoumia juzi halikunjiki hivyo, na misuli ya nyuma ya paja, kwa hofu, huushika muundi usitoke. Hapo jeraha hufichwa na mwenye jeraha mwenyewe, bila kujua. Ndiyo maana ya chapati.

Nilimuuliza anahisi nini. Akasema umbali si kitu sana. Wapo watu waliozaliwa na magoti malegevu, na ndiyo sababu huanza na lile zima. Anachosubiri ni namna mwendo unavyokoma. Ligamenti nzima hukaza ghafla, kama kamba ya kisima ndoo inapofika mwisho. Iliyokatika haikomi, inakwenda, inakwenda, kama unavuta donge la chapati. La kwangu lilikuwa donge.

Kuna mtego nao ambao mkono wa haraka huuangukia. Ikiwa iliyokatika ni ligamenti ya pili, ya nyuma, muundi huwa tayari umezama. Ukiuvuta unarudi tu nyumbani kwake, nawe unadhani ya mbele ndiyo imekwenda. Kwa hiyo kabla ya yote alikuwa amenilaza magoti yote mawili yakiwa yamekunjwa, akainama kuyatazama kwa ubavuni, kama fundi mwashi anayepima usawa wa ukuta.

Baada ya upasuaji wa kupandikiza kano mahali pa ligamenti iliyokatika, niliona upande mwingine wa ufundi huo. Kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza kabla ya kuwa imara, na majuma ya udhaifu huo ndiyo yale ambayo maumivu yameshapoa na mtu anajiona mzima. Mimi nilitaka kukimbia. Yeye alinishusha ngazi moja, polepole, mara kumi, akitazama kama goti linaingia ndani. Lilikuwa linaingia.

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji alibandika utepe sakafuni niruke kwa mguu mmoja. Mguu ulioumia unatakiwa ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake. Hata kipimo hicho hakukiamini sana, kwa kuwa mguu mzima nao hunyong'onyea kwa miezi ya kukaa, na kumfikia aliyedhoofika si kazi.

Nikaruka, nikapita alama, nikageuka kwa furaha. Hakuwa ametazama utepe. Alikuwa amefumba macho, akisikiliza jinsi mguu ulivyotua.

"Umetua kwa kishindo," alisema. "Rudia."