Mvuke wa Meli Korofi

Meli za mafuta za Kimarekani aina ya T2 zilikuwa na sifa mbaya, na hazikusingiziwa. Ziliundwa haraka haraka wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabamba yake yakiunganishwa kwa kulehemu badala ya ribiti. Januari 1943, mojawapo, Schenectady, ilipasuka katikati ikiwa imefungwa gatini huko Portland, maji yametulia tuli.

Lakini mabaharia waliozitumikia wakianza kusimulia, mazungumzo hayakawii kuhamia kwenye mvuke. T2 ilikuwa na boila mbili. Mvuke ulizungusha turbini, turbini ikafua umeme, umeme ukaendesha mota ya rafadha. Mvuke ukikata, taa, pampu na mwendo vyote vimekwenda.

Adui mkubwa alikuwa chumvi. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hupozwa kwenye kondensa, kwa maji ya bahari yanayopita ndani ya mirija myembamba isiyohesabika, ukageuka maji na kurudishwa boila. Mrija mmoja tu ukitoboka, bahari imeingia. Chumvi hujenga gamba ndani ya boila, chuma kikapata moto kupita kiasi, kikapasuka.

Kwa hiyo fundi wa zamu alichota maji kidogo kwenye glasi, akadondoshea naitreti ya fedha, akatazama. Yakibaki maangavu, heri. Yakifanya weupe kama tui, kazi ipo. Wakongwe walipima kwa jicho uzito wa ule weupe, wakajua kama kuna haja ya kusimamisha meli au wavute siku mbili zaidi. Wengine walitia unga wa mbao kwenye maji ya kupozea, ufyonzwe hadi kwenye tundu na kuliziba kwa muda.

Dawa yenyewe ilikuwa mshumaa. Milango ya kondensa ilifunguliwa, upande wa mvuke ukabakizwa ombwe, fundi akajipenyeza ndani na kupitisha mwali mbele ya midomo ya mirija, safu baada ya safu, bila pupa. Mwali ukiinama na kuvutwa ndani, mwizi kapatikana: kizibo huku, kizibo kule. (Ndiyo, mshumaa kwenye meli ya mafuta. Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma, kimetengwa na matangi. Hata hivyo, nisingependa kuushika mimi.) Kazi hiyo haina njia ya mkato. Mwenye haraka huipita mirija mibovu, akairudia yote kesho.

Tarehe 18 Februari 1952, T2 nyingine, Pendleton, ilikatika vipande viwili kwenye dhoruba karibu na Cape Cod. Waliokuwa kipande cha mbele walipotea wote wanane. Kipande cha nyuma, chenye boila, kilibaki na watu 33, na mainjinia wakaendelea kutunza mvuke: taa zikawaka, rafadha ikazunguka kiasi cha kukiongoza kile kipande. Jioni boti ndogo ya uokoaji ilikifikia, ikaondoka na watu 32.