Mkazo na Mgawanyo wa Silabi katika Vitenzi vya Kiitaliano

Vitabu vingi vya kufundishia Kiitaliano humwambia mwanafunzi kwamba mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Msemaji wa Kiswahili huipokea kauli hiyo kwa furaha, maana ndiyo desturi ya lugha yake. Lakini katika vitenzi kauli hiyo hupotosha, na hayo yaitwayo machache ni ya kila siku.

Yatosha kulitazama neno capito. Mkazo ukiwa juu ya ca, maana yake ni “natokea”. Ukiwa juu ya pi, “imeeleweka”. Ukiwa juu ya to, “alitokea”. Maandishi ya kawaida hutia alama umbo la tatu tu, capitò. Yale mawili msomaji huachiwa ayapambanue mwenyewe.

Udhaifu wa kanuni huonekana zaidi katika nafsi ya tatu ya wingi. Parla, “anasema”, huzaa parlano, “wanasema”, na mkazo hubaki juu ya par. Abita, “anakaa”, huzaa abitano, na mkazo hubaki juu ya a, silabi ya nne kutoka mwisho! Sababu yake ni ya kihistoria: habitant ya Kilatini ilikuwa na silabi tatu, mkazo ukiwa juu ya ile ya kwanza, Kiitaliano kiliongeza irabu mwishoni bila kuuhamisha. Basi anayehesabu kutoka mwisho ameanzia upande usiofaa. Na ajifunze umoja kwanza, wingi utafuata. Kiswahili hufanya kinyume: katika sema mkazo uko juu ya se, na katika semeni husogea hadi me.

Kuhusu mgawanyo, konsonanti maradufu hukatwa katikati: par-le-re-mo ni “tutasema”, par-le-rem-mo ni “tungesema”. Hapa vitabu havina kosa. Kosa liko kwenye s. Hufundishwa kwamba resta, “anabaki”, hugawanywa re-sta. Sikio halikubali. Irabu yenye mkazo katika silabi iliyo wazi, isiyo ya mwisho, hurefuka, kama katika vede, “anaona”. E ya resta ni fupi, sawa na ya perde, “anapoteza”, ambayo silabi yake imefungwa na r. Kwa matamshi, basi, ni res-ta. Kanuni ya re-sta ni ya mpiga chapa akatapo neno ukingoni mwa mstari, wala haikupasa kuingizwa katika sura ya matamshi.