Mkasi wa Lotte Reiniger

Lotte Reiniger alipokata karatasi, mkasi ulitulia. Kilichozunguka ni karatasi. Mkono wa kulia ulifumbua na kufumba makali tu. Wa kushoto uliigeuza karatasi nyeusi pole pole, hadi ikachomoza shingo ya farasi, au pua ya mchawi, au kidole cha binti mfalme.

Kwa mkasi huo, kati ya 1923 na 1926, alitengeneza *Die Abenteuer des Prinzen Achmed*, visa vya mwana wa mfalme vilivyochotwa kwenye Alfu Lela Ulela. Kati ya filamu ndefu za katuni zilizosalia duniani, hakuna kongwe kuliko hii. *Snow White* ya Disney ilikuja miaka 11 baadaye, na bado ndiyo inayotajwa kwanza.

Kazi ilifanyika Potsdam, Ujerumani, darini juu ya gereji ya mwenye benki Louis Hagen. Mfumuko wa bei ulikuwa unazila noti, naye Hagen akaona heri anunue mikanda ya filamu. Akamkabidhi Reiniger, binti wa miaka 24.

Kila kivuli kilikuwa kikaragosi bapa cha karatasi ngumu na risasi iliyofanywa nyembamba, kimeunganishwa kwa waya kwenye viungo. Kililazwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Kamera ilining'inia juu, na mumewe, Carl Koch, ndiye aliyeisimamia. Sogeza kiwiko kidogo, piga picha moja. Sogeza tena, piga. Kwa dakika 65 za filamu! Walter Ruttmann alishughulikia moto na mazingaombwe, Berthold Bartosch mawimbi ya bahari.

Sasa fikiria ugumu wake. Kivuli hakina macho wala tabasamu. Reiniger alibakiwa na shingo, kiuno na vifundo vya mikono, basi hapo ndipo alipotia roho. Peri Banu, mpenzi wa Achmed katika filamu, anapogundua kwamba vazi lake la manyoya limeibwa, halii; anajikunja tu, bega likitangulia, kichwa kikifuata kwa kuchelewa. Kule kuchelewa kwa kichwa ndiko kunakoniuma. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, nikiisimamisha hapa na pale, na kila picha iliyosimama ni karatasi tu. Huzuni iko katikati, kati ya picha na picha.

Jambo moja hunikera: mchawi mwovu ameitwa Mwafrika. Hata hivyo Wakwak, kisiwa anakotoka Peri Banu, kinamgusa msomaji wa pwani kwa namna nyingine, maana al-Masudi, mwanajiografia Mwarabu wa kale, aliitaja nchi ya Wakwak pamoja na Sofala, mwishoni mwa bahari ya Wazanji.

Hasi ya awali ya filamu ilipotea. Tunachokitazama leo kilifufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kutokana na nakala iliyohifadhiwa London, yenye rangi zake za manjano na buluu. Ukiipata, usiiharakishe. Subiri pambano la mchawi na ajuza wa Mlima wa Moto, wanapogeuka simba, nge, jogoo na samaki, kisha mtazame ajuza mwenyewe: kibonge, mbaya wa sura, vidole kama kucha za kaa. Mkasi ulimpenda kuliko Achmed.